Kizigua cha Darasa la Pili

Mazingara, Handeni
18 Januari 1948

Mpwa wangu Fransisko,

Nakusalimu wewe na mke wako Rosa na watoto, nami naomba barua hii iwakute mnakula na kulala vizuri. Huku tu wazima, ila mkaza mjomba wako goti limevimba tangu tulipomaliza kupalilia. Akikaa, hasimami mpaka ashike ukuta. Mahindi ya bondeni yamebeba. Ya kule juu tumewaachia nyani, maana wao hawachoki kulinda kama sisi.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Tangu bibi yako alipofariki mwaka jana nina jambo linanikaa moyoni. Siku zake za mwisho Kiswahili kilimtoka chote, akabaki na Kizigua chake cha utotoni. Wajukuu wangu wawili, watoto wa shule, walikuwa wamekaa naye. Akawaomba kitu. Nilipoingia niliwakuta wamefumbata mikono, wanamtazama tu. Alikuwa anaomba maji. Neno mazi, Fransisko, watoto wa Mazingara hawakulijua.

Nikalipeleka kwenye baraza, na baraza limekubali. Shule ile hatukupewa na mtu. Matofali tulifyatua wenyewe, makuti tulibeba vichwani. Basi kuanzia mwaka huu darasa la kwanza na la pili watafundishwa kwa Kizigua, kila mtoto, bila kuchagua. Mwezi wa Juni kutakuwa na mtihani wa kusema mbele ya wazee, na wa darasa la pili atakayeshindwa atarudi la kwanza. Bwana Shauri, yule mkubwa wa wilaya, alipopita alisema tujaribu, mradi tusimwombe vitabu.

Na kitabu ndicho hatuna. Mwalimu wetu, Yordani, ni kijana mwema lakini kuandika kitabu hawezi. Nikawaambia wazee: dada yangu marehemu Amne ameniachia mtoto, ni mwalimu Mkumbara, yeye ataandika. Walifurahi sana. Kwa hiyo niandikie kurasa za kwanza upesi.

Mimi mjomba wako,
Isihaka

---

Mkumbara, Korogwe
9 Machi 1948

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia zamani kidogo, unisamehe kwa kuchelewa. Rosa amejifungua salama mtoto wa kike, tumempa jina la Hilaria. Mkubwa wake ana wivu, anataka naye abebwe mgongoni. Mpe pole mkaza mjomba kwa goti. Hapa jirani zangu hukanda kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto, labda ajaribu.

Shuleni tuna watoto sitini na wawili katika chumba kimoja, na treni ya Moshi ikipita hakuna asikiaye kitu, inabidi tungoje.

Nimelisoma shauri la baraza. Nimeandika ukurasa mmoja wa kujaribu, nimeuweka ndani ya barua hii. Ningependa pia uniandikie orodha ya maneno, ya vyombo, ya shamba, ya mwili wa mtu, ili kitabu kisiwe na makosa. Andika mengi kadiri uwezavyo.

Nina swali, Mjomba. Hao watoto wa shule ni wa nani na nani? Nauliza kama mwalimu. Kwetu hapa kuna Washambaa, Wapare, na wale waliozaliwa kwenye kambi za mkonge ambao baba ni wa huku na mama ni wa kule. Sijui huko kwenu sasa pakoje.

Rosa anakusalimu.

Mpwa wako mtiifu,
Fransisko

---

Mazingara, Handeni
2 Aprili 1948

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa Hilaria, Mungu amkuze. Majani ya mbarika tumeyatumia. Mkaza mjomba wako anasema yanapunguza maumivu, lakini nadhani kinachompunguzia zaidi ni kwamba nakaa namkanda.

Ukurasa wako nimeusoma mara tatu, tena mbele ya Yordani. Hati ni nzuri. Lakini Fransisko, hiki si Kizigua. Mvua umeiandika fua. Sisi twasema fula. Jambo umeliandika mbui, sisi ni mbuli. Hiki ni Kishambaa cha watu wa milimani. Umekaa nao sana mpaka wamekumeza? Ulipokuja kwenye msiba wa bibi yako nilikusemesha kwetu ukanijibu kwa Kiswahili, nikadhani ni ualimu. Nimeweka orodha ya maneno mia na arobaini. Yashike.

Umeuliza watoto ni wa nani. Ni wetu, isipokuwa wanne au watano. Yuko mtu anaitwa Kasmiri, alitoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge, mkataba ulipokwisha akahamia hapa akapewa shamba. Binti yake Elina yuko darasa la pili. Alikuja kwangu huyo Kasmiri, akasimama nje na kofia mkononi, akasema, “Mzee, mtoto wangu ni wa kwanza katika hesabu. Kizigua chenu nyumbani hakuna wa kumfundisha.” Nikamwambia mtoto hujifunza lugha kama anavyojifunza kutembea. Akashukuru, akaenda zake. Watu wale hawana maneno mengi.

Kurasa nyingine nazingoja. Baraza linaniuliza kila wiki.

Mjomba wako,
Isihaka

---

Mkumbara, Korogwe
30 Mei 1948

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Hilaria alipata homa akapona. Mvua za masika zimebomoa daraja dogo la huku chini, watoto wa ng'ambo hawakuja shule siku tisa.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Leo sitachana.

Kizigua sikijui. Ukurasa ule nilisaidiwa na jirani yangu, Mzee Hiza, Mshambaa, aliyeniambia kwamba lugha hizi ni ndugu. Nilitumaini hutatambua. Nimekuwa mwalimu miaka kumi na moja, nawachapa watoto kwa kudanganya, nami nikakudanganya wewe.

Umeniuliza kama nimemezwa na watu wa milimani. Sikumezwa na mtu. Nitakueleza.

Nilipokuwa na miaka saba mama alinichukua tukaja Mazingara kwenye arobaini ya babu. Tulitembea siku tatu. Njia nzima alinifundisha namna ya kuwaamkia wazee kwa Kizigua. Nikikosea ananirudisha mwanzo, nikipatia ananipa kipande cha muwa. Baba, kama ujuavyo, alikuwa Mnyamwezi, manamba wa kukata mkonge, na kambini tulisema Kiswahili. Lakini mama alitaka nifike kwao nikiwa mtu wa kwao. Tulipofika uani wazee walikuwa wamekaa. Nikasimama, nikasema salamu yangu yote. Labda nilikosea, labda sauti ilikuwa ya kambini. Mtu mmoja akacheka. Akasema, “Kasuku huyu wa manamba kafundishwa na nani?” Ua mzima ukacheka. Sitasema ni nani, miaka imepita na wengi waliokuwapo wameshazikwa.

Mama akaninyanyua, akaniondoa pale. Usiku mmoja tu tukalala, asubuhi tukaondoka. Tulipovuka mto njiani aliniweka chini, akanifuta vumbi usoni, akaniambia, “Tangu leo sema Kiswahili. Kiswahili hakina mwenyewe wa kukucheka.” Hakunisemesha tena kwa Kizigua mpaka anakufa. Lakini akiwa peke yake, akitwanga, alikuwa anasema nacho kwa sauti ya chini. Nikiingia ananyamaza.

Alipougua ugonjwa wa mwisho, naye Kiswahili kilimtoka. Alisema usiku kucha nami nimeshika mkono wake, sikuelewa hata moja. Uliponiandikia kuhusu bibi na wale wajukuu niliiweka barua yako chini nikatoka nje. Mimi ndiye yule mtoto aliyefumbata mikono.

Sisemi lugha isifundishwe. Ningefundishwa mimi ningekuwa mtu mwingine. Nasema tu kuhusu huo mtihani mbele ya wazee, na kurudishwa darasa. Nimesimama mtihani huo mara moja. Mfikirie yule binti wa Kasmiri.

Nisamehe kwa kitabu, na kwa uongo.

Fransisko

---

Mkumbara, Korogwe
11 Agosti 1948

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nilidhani barua imepotea, lakini Habakuki, yule mwenye lori la mahindi, alipita hapa jana akaniambia alikuona gulio la Jumamosi, u mzima, na kwamba barua zote za Mazingara zilifika. Akaniambia pia kwamba Kasmiri amehama na jamaa yake yote, shamba ameliacha na mihogo ikiwa bado ardhini.

Kama nimekukosea adabu kwa niliyoandika, niambie. Kukemewa na mjomba ni haki ya mjomba. Kunyamaziwa ndiko sijui kukubeba.

Rosa na watoto wanakusalimu. Mpe salamu mkaza mjomba.

Fransisko

---

Mazingara, Handeni
3 Septemba 1948

Mwanangu,

Marahaba. Goti la mkaza mjomba wako limepona. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Hayo ndiyo mazuri niliyonayo.

Hukunikosea adabu. Uliandika “mtu mmoja akacheka”, kisha ukaandika kwamba wengi wameshazikwa. Mimi sijazikwa. Siku ile nilikuwa karani wa akida, nina kanzu mpya, nimekaa karibu na wazee kana kwamba nami ni mzee. Neno lile la kasuku ni langu. Ulijua hivyo ulipoandika, nami nilijua kwamba unajua, na ndiyo maana kalamu ilinishinda.

Sikukucheka wewe. Nilimcheka baba yako kupitia kwako. Dada yangu alikuwa ameolewa na mkata mkonge asiyekuwa na ukoo wowote tunaoujua, tena akabatizwa, na hakuniuliza. Nilitaka aumie. Nilimwona alivyokunyanyua. Niliuona uso wake. Nikaendelea kucheka, kwa kuwa wengine walikuwa wanacheka.

Lakini sijamaliza, na hili ndilo baya zaidi. Barua yako ilinifikia siku nne kabla ya mtihani. Niliisoma, nikaikunja, nikaitia chini ya godoro. Siku ya mtihani tulikaa wazee watatu kwenye benchi. Watoto wakaingia mmoja mmoja, tunawaambia wasimulie walichofanya tangu walipoamka. Elina akaingia. Amevaa gauni limefuliwa mpaka maua yamefutika. Akasema sentensi mbili kwa Kizigua, sawasawa kabisa. Mtu anaweza kuona alizikariri njia nzima. Ya tatu ikamkwama. Akachanganya neno la kwao Songea. Watoto waliokuwa dirishani wakacheka, na wazee wenzangu wakacheka.

Mimi safari hii sikucheka. Lakini daftari lilikuwa mkononi mwangu. Wenzangu wakasema, “Andika, karani.” Nikaandika: amerudi darasa la kwanza. Nilikuwa nimesoma barua yako, Fransisko, nami nikaandika hivyo hivyo, kwa sababu sheria nilikuwa nimeileta mimi na niliona aibu kuivunja mbele ya watu. Yule mtoto hakulia. Alituamkia, akatoka. Wiki ile ile Kasmiri akahama.

Mwezi wa Agosti nilisimama barazani. Nikasema lugha ifundishwe kwa wote, ila mtihani wa benchi uondolewe, na mtoto asirudishwe darasa kwa kuzaliwa na mama wa mbali. Mmoja akaniambia, “Isihaka, ni wewe uliyetuamsha, sasa wataka tulale?” Wengine wakasema nimepewa kitu na Kasmiri. Tulikaa vikao viwili. Mwisho wakakubali nusu: benchi limeondolewa, wasiojua watakaa mbele karibu na mwalimu wafundishwe, lakini hakuna aliyekubali kusema kwamba la Juni lilikuwa kosa. Limeandikwa na litabaki limeandikwa.

Nasikia Kasmiri amerudi kwenye mkonge, upande wa Magoma. Mtafute, mwanangu. Mimi kwa huko sina macho.

Isihaka

---

Mkumbara, Korogwe
10 Oktoba 1948

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikampa Rosa naye akaisoma. Alisema, “Mtu aliyeandika hivi hakutaka kusamehewa bure.” Mimi sina la kuongeza. Yaliyokuwa baina yangu na wewe yameisha hapo.

Jumamosi iliyopita nilipanda treni hadi Korogwe, nikapata lori la kwenda Magoma. Kasmiri nilimpata kambini, mistari ya nyuma. Mkono wake umefungwa kitambaa, mwiba wa mkonge umemwingia chini ya ukucha. Alinikaribisha vizuri mpaka nilipotaja Mazingara. Hapo akaanza kufunga upya kitambaa cha mkono. Nikamweleza mimi ni nani, na kwamba baba yangu aliishi katika kambi kama ile.

Nikamuuliza kuhusu shule. Akasema, “Hasomi. Anasema yeye ameshindwa shule.”

“Nani amemwambia ameshindwa?”

“Wazee watatu kwenye benchi, Mwalimu. Mimi mtu mmoja nitamwambiaje vingine?”

Nimezungumza na mwalimu wa Magoma. Yuko tayari kumwingiza darasa la tatu Januari, kwa neno langu. Lakini Elina hataki. Alikuwa anamenya mihogo nyuma ya nyumba, hakunitazama. Nilimpa hesabu ya kujumlisha, nikaiandika mchangani kwa kijiti. Aliifuta kwa mguu. Baadaye nilipokuwa naaga niliona ameiandika upya, na jibu lake chini, sahihi.

Nilimwambia Kasmiri kwamba baraza limeondoa benchi. Akasema, “Vema. Lakini aliyemwambia ndiye amwambie.” Hakusema kwa hasira.

Kuna jambo jingine. Kutoka kambi ile mpaka alipozikwa mama ni mwendo wa robo saa. Tulipokupa habari za msiba mwaka wa thelathini na tisa hukuja, nami sikukuuliza, wala siulizi sasa. Nakuambia tu kwamba ni karibu.

Shule tunafunga mwanzo wa Desemba. Nataka kuja Mazingara na wanangu tukae mwezi mzima. Kitabu mkiandike wewe na Yordani. Mimi nataka kukaa jikoni kwa mkaza mjomba nisikie watu wakisema.

Fransisko

---

Mazingara, Handeni
21 Novemba 1948

Mwanangu Fransisko,

Nimefika nyumbani salama tangu tulipoagana Magoma. Basi liliharibika Segera, tukalala pale, lakini abiria walikuwa watu wema, mama mmoja alitugawia ndizi zake zote. Mkaza mjomba wako ameshawaandalia chumba. Ameazima vitanda viwili, na anauliza Hilaria ameanza kula nini.

Nilipoondoka Magoma hatukupata nafasi ya kuzungumza, lori lilikuwa linapiga honi. Kwa hiyo naandika.

Kaburi la mama yako umelitunza. Ule mti mwekundu sijui jina lake, lakini umestawi. Ulirudi nyuma ukaniacha peke yangu, nami nilikushukuru kwa hilo. Niliyomwambia Amne ni ya ndugu wawili, tuyaache hapo. Nilisema nilichosema kwa lugha yetu, kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kunicheka.

Sasa kuhusu Elina. Wewe na Kasmiri mlikuwa mmesimama mbali, karibu na kichanja cha vyombo, kwa hiyo hukusikia. Alikuwa amekaa na kisu chake na mihogo. Aliponiona alisimama, akaniamkia kwa heshima, kwa Kizigua. Fransisko, alinisalimu kwa Kizigua, salamu yote, bila kosa. Nusura nirudi njiani.

Nilikaa chini pale pale, kwenye maganda. Nikamwambia kwa Kiswahili, nikitaka aelewe kila neno: “Elina, mimi ndiye niliyeshika kalamu. Niliandika urudi darasa la kwanza, na niliandika vibaya. Nilijua ni vibaya nilipokuwa naandika. Kosa halikuwa lako. Nimetoka Handeni kuja kukuambia hivyo.”

Aliinamia kazi yake. Akamenya muhogo mmoja, akautupa ndani ya sufuria. Akachukua wa pili. Nilidhani hatasema kitu, nikaanza kutafuta namna ya kusimama na magoti haya.

Kisha akaniuliza, “Kwa hiyo, babu, nilifaulu?”

Miezi mitano, mwanangu. Miezi mitano mtoto amekaa na swali hilo, na katika baraza zima hakuna aliyekuwa nalo.

Nikamwambia, “Ulifaulu.”

“Na hesabu?”

“Hesabu ulikuwa wa kwanza.”

Akaweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye gauni, pande zote mbili, taratibu. Akaingia ndani, nami nikamsikia anamwambia mama yake kwa lugha yao ya Songea. Sikuelewa hata neno moja, nikabaki nimekaa nje, nikisikiliza.

Mjomba wako,
Isihaka